Msiba wa Pichani

Bugene, 9 Juni 1953

Baba Anatolia, salamu nyingi.

Huku sote tu wazima, na Bihogo, yule ng'ombe wako mwekundu, amezaa jike. Ila tangu ile picha ya kuchorwa kwa rangi uliyotuma ifike kutoka Mombasa, nyumba hii haijatulia. Si ungeandika hata mstari mmoja nyuma yake!

Mama yako aliitazama sana. Watu wengi wameketi chini mchana kweupe, kando ya maji, na hakuna mwenye jembe wala anayechunga. Akasema, "Huu ni msiba. Watu hawaachi kazi wote pamoja hivi mpaka wamefiwa. Mwanangu amekufa."

Nikaisogelea pale ukutani, nikaona madoa ya rangi tu. Nikarudi mlangoni, madoa yakawa watu. Kutwa nilikuwa naenda na kurudi, mpaka mbuzi wakatawanya kahawa niliyoianika uani.

Jana mama yako akaomba wembe anyoe kichwa. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi mlangoni.

"Mama, mtazame huyu mwenye mwavuli mwekundu. Anacheka. Wenzake nao wanacheka. Hapa hakuna aliyefiwa, watu wanastarehe. Mwanao ni mzima. Huu mwaka wa tatu hajarudi, amepapenda tu huko."

Mama akafuta machozi, akaenda kumkamua Bihogo. Mimi nikabaki palepale mlangoni nikimtazama yule mwanamke wa mwavuli, na ndipo nilipoanza kulia.

Mkeo,
Kokushubira