Leo Nimemuuliza Baba

Mama,

Leo Baba amekuja kwangu. Si nyumbani, kliniki, hapa Suna. Nimemkuta kwenye benchi na wagonjwa wengine, mkono wa kulia ameufunga leso. Leso yako, Mama, ile ya maua mekundu! Nusura nimrushie kiti.

Tangu hii mvua ya El Nino ianze, kila mtu analia viungo: magoti, mabega, kiuno. Nawauliza wote vile nilivyofundishwa. Inauma wapi? Ilianza lini? Ulikuwa unafanya nini? Wewe hakuna aliyekuuliza. Nakumbuka tulivyotoka Lambwe kwenda hospitali umeniegemea begani, pumzi haivutiki, na daktari akamtazama Baba badala yako. "Ni baridi," Baba akajibu. "Kule kwetu bondeni kuna baridi sana." Ukapewa vidonge vya baridi. Mahindi hayakuwa yamevunwa tulipokuzika.

Basi nikamwita ndani, nikaufungua ule mkono. Fundo la kidole kidogo limezama. Mama, baridi haizamishi mfupa. Ule huzama mtu akikunja ngumi akapiga kitu kigumu.

Nikamuuliza ilianza lini. "Ni baridi tu, nyara," akasema. Binti yangu, ananiita, kwa sauti ileile!

Damu ikanipanda kichwani. Nikabonyeza palepale kwa kidole gumba, kwa nguvu zangu zote. "Wuololo!" Akapiga nduru mpaka benchi lote nje likanyamaza. Sikumwachilia. Nilitaka uvunjike tena. Nilitaka alie vile ulivyokuwa ukilia na nguo mdomoni ili sisi watoto tusisikie. Tulikuwa tunasikia, Mama. Kila mara.

Ulikuwa unafanya nini? Nilipomuuliza hivyo, akasema alikuwa amelewa. Nikamwambia sijauliza pombe, nimeuliza ulipiga nini.

Akaniangalia, mzee mzima, makamasi yanamtoka. "Mamako," akasema. "Hapa." Akajigusa mbavu.

Nilidhani siku akikubali nitafurahi. Wapi! Nikashika meza tu. Halafu nikamfunga bandeji, nikampa dawa ya maumivu kama mgonjwa yeyote. Nikamwambia aende kwa ndugu zako akaseme kwa mdomo wake, kabla sijaenda mimi. Wakimpokea na mapanga, shauri yao. Leso nimekataa kumrudishia. Nimejifunga kiunoni nikikuandikia hii, na bado nina hasira, Mama, hasira ya kuchoma nyumba.

Lala sasa. Lakini nakuapia: katika chumba changu mume hatajibu tena maswali ya mkewe. Nitamtoa nje, na akigoma nitamtoa pamoja na kiti chake. Mwanamke atajibu mwenyewe. Akinyamaza nitangoja, hata foleni ifike barabarani.

Mtoto wako,
Akinyi