Nilisema Wifi Hana Nyumba, Nikimaanisha Kompyuta

Mpendwa mshauri, mwenzio nimepigwa butwaa, naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijaingia doa. Mimi ni fundi wa kompyuta katika zahanati, na kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linux, basi dada wa mume wangu alipoachwa na mumewe akaja kwetu, tukampa stoo alale, nikahangaika hadi akapata kazi ya mapokezi palepale kazini kwangu, nikamfungulia akaunti, nikampa nenosiri, lakini kila akiliingiza skrini inazima kidogo kisha inamrudisha mwanzo, wala haimwambii amekosea, na wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi wanamtazama, naye ananong'ona, "Wifi, hii mashine hainitaki." Nikaingia kwa akaunti ya msimamizi, nikachungulia, kumbe hakuundiwa folda yake ya nyumbani, pa kuhifadhia mafaili na mipangilio yake, ambayo sisi mafundi tunaiita nyumba tu, na kwa furaha ya kulipata tatizo nikapaza sauti, "Nimeshajua! Huyu hana nyumba!"

Mshauri, wagonjwa wote wakageuka kumtazama. Wifi alinitazama, akachukua mkoba wake, akatoka. Sasa amejihifadhi kwa jirani, hakurudi hata kuchukua nguo zake stoo, simu yangu hapokei, mume wangu hanisemeshi, na daktari mkuu amesema asipofika Jumatatu kiti anapewa mwingine. Jamani, nilikuwa naisema kompyuta! Nifanyeje?

Fundi niliyeponzwa na mdomo

Fundi wewe! Nilikuwa nakunywa chai, nikaweka kikombe chini. Mbele ya wagonjwa? Mwanamke aliyeachwa juzijuzi? Pole, najua hukukusudia, lakini mdomo wako unatangulia kichwa.

Tuanze na kompyuta, maana uliyeharibu ni wewe. Ulipotoa amri ya kumwongeza mtumiaji, hukuiambia imuundie folda, nayo ikafanya ulichoiambia. Iunde sasa, nakili ndani yake mafaili ya kuanzia, kisha mmilikishe wifi yako folda hiyo. Hapo ndipo wengi mnapoteleza: folda iliyoundwa na msimamizi inabaki ya msimamizi, na wifi yako atakuwa na nyumba asiyoruhusiwa kuweka hata kijiko, na skrini itamrudisha tena. Jaribu kuingia kwa jina lake kabla hajafika.

Haya, sasa lile ambalo hukuniuliza. Umemtafutia kazi, hongera. Lakini kila ulipokitaja chumba anacholala umekiita stoo. Bila shaka mabegi yenu yamo humo, na ubao wa pasi, na mnaingia bila kubisha hodi. Ndiyo maana alichomwa na neno lile. Alidhani umesema yaliyo moyoni.

Leo hii wewe na mumeo toeni vitu vyenu vyote humo, mtie na kitasa. Kisha nenda mwenyewe kwa jirani. Usianze kumweleza habari za folda, ataona unamdhihaki. Mwombe radhi, mpe ufunguo mkononi, umwambie, "Wifi, chumba chako kiko tayari." Ya kompyuta atayaona Jumatatu.