Salamu za Kwenye Mwinuko

Baba, shikamoo.

Leo nimefika shuleni bila kusukumwa na mtu, na nimefundisha vipindi vyote vinne. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Tangu tukuzike umepita msimu mmoja wa pamba. Mama hajambo. Sabuni imeadimika tena, foleni ya duka la ushirika inafika barabarani. Kiti changu cha magurudumu bado kinalia upande wa kushoto, ingawa nakitia mafuta kama ulivyonionyesha.

Ulipoondoka, kila mtu alikuwa na lake kuhusu nani atanisukuma. Nikakataa wote. Nilichukua saa yako ya mkononi. Mimi na wewe tulikuwa tunatumia dakika arobaini kutoka nyumbani. Nikaapa kutumia thelathini. Unanijua. Jua kali, matope, madaftari ya darasa zima mapajani, sikujali. Wanawake wa kiwanda cha pamba wakawa wananipigia kelele, "Mwalimu, unakimbizwa na nani?" Sikuwajibu. Pumzi ya kujibu sikuwa nayo. Nikifika, mkono haushiki chaki. Siku mbili nafundisha, ya tatu nimelala, mabega yanawaka moto. Mwisho Mwalimu Mkuu akaniambia, kwa upole, kwamba nikikosa tena darasa la tatu atampa mwingine, mimi nibaki ofisini kupanga mafaili.

Nililia, Baba. Si kwa sababu ya mafaili tu. Niliona ni kweli: nilikuwa mzigo uliokuchosha wewe, na sasa umenishinda hata mimi.

Mama akanipeleka hospitali, kwa dada mmoja anayefundisha mazoezi ya viungo. Jambo la kwanza, akanivua saa. Akaniambia nizunguke uwanja, na kila nikipita anauliza, "Sifuri mpaka kumi, unaisikia kazi ina uzito gani?" Nikamwambia mimi ni mwalimu, nataka kipimo cha kweli. Akacheka. "Hicho ndicho. Saa haijui kama leo kuna matope. Mwili wako unajua. Kaa kwenye nne. Ikifika saba, punguza. Kwenye nne unaongea vizuri. Kwenye saba hata salamu humalizi."

Salamu. Niliacha kusukuma magurudumu, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kwenye ule mwinuko wa kiwanda, nilipoanza kusukuma mwenyewe nawe ukitembea kando, ulikuwa unanisalimia upya. "Mwangaluka, Mwalimu." Wakati tulishaamkiana nyumbani! "Habari za nyumbani? Na ng'ombe?" Ng'ombe gani, Baba, sisi tulikuwa na kuku. Niliudhika, nilikuwa nachelewa. Na nikijibu kwa kukatakata maneno, ulikuwa unasimama, unainama kukaza mkanda wa makatambuga yako, na mimi nakusubiri huku nahema. Nilidhani umechoka. Nilidhani umechoka na mimi.

Makatambuga yako yako hapa, chini ya meza ninayoandikia. Nimeyageuza juu chini. Mikanda ya tairi imepigiliwa misumari, yote. Haikazwi. Haijawahi kulegea.

Hukuwa umechoka.

Sijui nikuelezeje wepesi nilioupata. Nimelala usingizi ambao sikuulala tangu msiba.

Leo nimeenda kwa nne yangu. Wale wanawake wakauliza nakimbizwa na nani, nikawajibu, "Na darasa la tatu!" Wakacheka, nikacheka, na bado nilikuwa na pumzi. Juu kidogo nikabaki peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Mwangaluka, Baba. Habari za huko? Na ng..." Neno likakatika. Nikasimama. Nikainama, nikajifanya nafunga kiatu.

Saa yako nimemrudishia Mama. Makatambuga nimeomba nibaki nayo. Nakuahidi, kila nikifika kwenye mwinuko nitakusalimia, na salamu ikinishinda kuimaliza, nitasimama bila aibu.

Pumzika, Baba. Mimi nitafika.

Mwalimu wako