Maganga, Mwendo Wako Sasa Unafundishwa

Mtani wangu Maganga,

Mimi Athumani, Mzigua wa Handeni, nina miaka themanini na mbili kasoro miezi. Nimewazika wake wawili. Nimeona wenyeviti wa kijiji watano wakiingia na kutoka. Shamba la mkonge lililotuvunja migongo mimi na wewe limekufa nikiwa hai, na yule bwana afya aliyesema nisipoacha ugoro sitamaliza mwaka, alikufa yeye. Na wewe nimekupita, Mnyamwezi uliyekuwa unaapa mbele za watu kwamba utanizika.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, huu wa kulia. Binti yangu Zaina alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Shule nilikwenda miaka miwili tu, lakini miwili yangu ni sawa na saba ya wengine. Ukiona herufi zimelala, zisome hivyo hivyo zimelala.

Nina habari kubwa. Lazima nianzie msibani kwako, maana ulikuwepo lakini hukuona kitu.

Ulipokufa pale Makuyuni, vituko vya msiba vilikuwa vyetu sisi watani, kama ilivyo desturi. Nilivaa koti lako la kaki, nikaingia uwanjani nikitembea kama wewe miaka yako ya mwisho. Hatua fupi fupi kama mtu aliye kwenye utelezi, mkono umekunjwa tumboni haupepei, vidole vinazungusha kitu kisichokuwepo, uso mkavu kama ubao. Nilipotaka kugeuka nikageuka kwa vihatua kumi, kama lori linalotafuta njia ya kurudi. Watu walicheka huku wanalia. Mkeo Mama Shija akafunika uso na kanga, akasema, "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Maganga, katika wilaya zote mbili, Handeni na Korogwe, hajawahi kuigizwa marehemu namna ile. Sijisifu, nasema kilichotokea.

Arobaini yako ilipopita, mkono wangu ukaanza.

Kwanza vidole. Halafu mkono wote, hasa nikiwa nimekaa tu. Halafu miguu ikawa mizito. Na kilichonipata hakiwezi kumpata mtu asiye na watani: nilikuwa naumwa, na watu wananipigia makofi. Nikipita, wanasema, "Mzee bado yumo! Maganga hajamtoka!" Hata Zaina, damu yangu, aliniambia, "Baba, msiba umekwisha, acha sasa, inatosha." Nami kwa ubishi wangu sikusema naumwa. Niliona bora nichekwe kuliko nihurumiwe.

Siku moja mbele ya mashine ya kusaga miguu ilinasa. Kiwiliwili kikaenda, miguu ikabaki. Nilianguka kifudifudi, mahindi yakamwagika. Foleni nzima ilicheka mpaka wakaegemeana, na mwenye mashine akapaza sauti, "We Mzigua! Maganga alikuwa anaanguka vizuri zaidi!" Nililala pale na pumba mdomoni nikisubiri mtu aniinue. Hakuja mtu. Walikuwa wanasubiri nimalize.

Aliyesikia habari hiyo na asicheke ni mkeo. Alikuja nyumbani kesho yake, hata maji hakunywa. Akaushika mkono wangu, akautazama, akaniuliza, "Shemeji, mara ya mwisho kusikia harufu ya kitu ilikuwa lini?" Nikafikiri. Sikukumbuka. Samaki, moshi, ugoro wangu mwenyewe, vyote vilikuwa vimepotea siku nyingi, nami nikidhani dunia ndiyo imepungua ladha. Mama Shija akakaa chini. "Maganga alianza hivyo," akasema. "Kesho tunakwenda Korogwe."

Hospitali tulimkuta Dokta Neema, binti wa kutoka Vugiri, mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza. Zaina alikuwa ameshamnong'oneza kwamba baba ni mtani, amezoea kuigiza. Dokta akaweka kalamu chini. "Shikamoo babu. Leo unaumwa au unatania?"

"Marahaba. Vyote viwili," nikamjibu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pa kushangaza. Hospitali ile haina bingwa wa ubongo hata mmoja. Lakini kila Jumatano alasiri Dokta Neema anakaa mbele ya kioo kikubwa kilichotundikwa ukutani, na ndani ya kioo wamo mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wa nchi mbalimbali: India, Ghana, Brazili, Uingereza, na wa kwetu wa Dar es Salaam. Kila mmoja yuko hospitalini kwake. Huyu anaeleza alichokigundua, yule anampinga, mwingine analeta mgonjwa aliyemshinda, na madaktari wadogo wa kila mahali wanasikiliza na kujifunza. Hakuna anayeficha dawa yake kama wanavyofanya waganga wetu. Dokta akaniomba ruhusa anipeleke mbele yao. Nikamwambia, "Twende, wanione."

Walinitembeza, wakanigeuza, wakaniambia nikunje na kukunjua vidole. Wakaniambia niandike jina langu mara tano. La kwanza lilikuwa jina, la tano lilikuwa mstari wa sisimizi. Wa Ghana akasema huenda ni kiharusi kidogo. Wa Uingereza akataka kujua dawa zote nilizowahi kunywa. Dokta, kwa kuwa ni mkweli, akawaambia kwamba familia inasema mgonjwa huyu ni mwigizaji. Wa Uingereza akafunga daftari lake. Nikaona safari ya bure, Maganga. Nikaona nitarudi nyumbani kupigiwa makofi mpaka kaburini.

Ndipo mama mmoja wa India, mwenye miwani, akasema nihesabu kutoka mia kurudi nyuma, nikiruka tatu tatu. Nikamwambia Dokta, mwambie huyo mama nimehesabu mafungu ya mkonge kabla hajazaliwa. Nikaanza. Tisini na saba, tisini na nne, tisini na moja. Nilifika kumi bila kukosea. Na nilivyokuwa nahesabu mkono ulikuwa unapiga mbio kama kuku aliyechinjwa.

Dokta alinieleza baadaye. Anayeigiza, akili ikienda kwenye hesabu, mkono husahau kutetemeka. Wangu haukusahau, ulizidi. Yule mama alisema maneno machache tu, na Dokta akanigeukia. "Babu, anasema huigizi."

Nililia. Mimi. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme neno hilo, na akalisema mtu asiyejua hata Handeni iko wapi. Zaina naye alilia, akanishika miguu. Nilimwacha ashike.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Pakinsoni. Kuna maji fulani ndani ya ubongo yanayoupa mwili ruhusa ya kutembea. Kwangu yamepungua, na kwako yalikuwa yamepungua vile vile. Si uzee, Maganga. Si uchawi. Si pombe ya miwa, tuliyokusingizia. Nimepewa vidonge, nameza kwa saa, kabla ya kula. Havimalizi ugonjwa, Dokta hakunidanganya. Lakini baada ya wiki chache nilifunga vifungo vya shati langu vyote sita, nikatoka nje nikisubiri mtu anisifu. Nilikwenda mashine ya kusaga kwa miguu yangu, nikapita mbele ya foleni nikipepea mikono yote miwili. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikawacheka mimi.

Halafu darasa lile la kwenye kioo likaniita tena, tukaenda na Mama Shija. Dokta alikuwa amewasimulia habari zako. Yule mama wa India akauliza, "Huyo rafiki yake, tunaweza kumwona?" Dawa ilikuwa imeshika, mwili unanitii. Nikakuigiza. Lakini si kama msibani, ambako niliigiza mwisho wako tu. Nilikuanza mwanzo kabisa: mwaka ule panga lilipokuwa linakuchelewa mkononi, mwaka sauti yako ilipoanza kushuka, mwaka ule hukuweza kufunga koti. Mama Shija alikuwa ananirekebisha, "Hapana shemeji, harufu ilitangulia." Mabingwa wanaandika. Wakaomba turudie. Wakaomba watupige picha ya kutembea, ile ya video, waifundishie wengine. Mkeo akawaambia, "Pigeni. Maganga alipenda kutazamwa."

Picha hiyo sasa wanaonyeshwa wauguzi. Mmoja wao kule Kwashemshi alipoiona tu, akamkumbuka bibi mmoja wa jirani aliyefungiwa chumbani, wajukuu wakisema ana mashetani. Akampeleka kwa Dokta. Nimekwenda kumwona. Anakaa barazani anapepeta mchele, Maganga. Anapepeta kwa mikono yake.

Sasa kuna neno moja, na nalisema mara moja tu. Kukuigiza ulipokufa ilikuwa haki yangu. Lakini siku ile ya uhai wako, ulipokuwa umesimama mlangoni unahangaika na kifungo, nikakwambia, "Mnyamwezi, umechoka kubeba mizigo"... Ule haukuwa utani. Uliniangalia. Sikujua. Laiti ningejua ningekubeba mgongoni mpaka Korogwe, na ningekutukana njia nzima.

Kwa hiyo nakuahidi. Mkono huu ukiwa bado unanisikiliza, kila nitakapoitwa darasani nitakwenda, nitakutembeza mbele yao. Na mzee yeyote atakayeanza kutetemeka huku kwetu, mimi ndiye nitakayemshika mkono kwanza, kabla ya mtu yeyote hajacheka. Kaa huko kwa amani, nami nikae huku kwa ubishi wangu.

Ukidhani natia chumvi, mashahidi ninao. Muulize Mama Shija atakapokuja, asifanye haraka. Wapo Zaina na Dokta Neema. Yupo mwenye mashine, ambaye sasa ananisagia kabla ya foleni. Na kama hao hawatoshi, yupo profesa wa Brazili, mtu mnene mwenye mvi. Jumatano iliyopita alisimama mbele ya wanafunzi wake, akakunja mkono tumboni, akaanza kutembea mbele yao kwa hatua fupi. Nilivumilia nikashindwa. Nikampigia kelele kwenye kioo, "Bega la kushoto lishuke!" Dokta akamtafsiria. Akalishusha.

Ukawa wewe.

Mtani wako,
Athumani