Nimemvisha Bibi Nguo ya Maiti Angali Hai

Mpendwa Bi Orie, nishike mkono, na ukiweza unijibu katika gazeti la Jumatatu, kwa sababu Alhamisi bibi yangu atafanyiwa upasuaji wa moyo na mimi tangu Jumapili ya wiki iliyopita sijathubutu kukanyaga hospitali.

Nina miaka ishirini na minne, nasomea shahada ya pili hapa Kanazawa, na bibi ndiye aliyenilea tangu mama alipoolewa tena. Alipolazwa alilalamika kwamba pajama za kukodi za hospitali zinamwasha shingoni, na vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi vifungo, kila asubuhi muuguzi humfunga kama mtoto na yeye hutazama ukuta mpaka kazi iishe. Nikasema nitamshonea mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kushona hata kifungo, nikaazima cherehani ya jirani, nikanunua shashi nyeupe ya pamba kwa sababu ndiyo laini kuliko zote, nikapata karatasi ya kukatia pajama ya kike ya vifungo, kisha nikaamua vifungo niviache na badala yake niweke tepe za kufungia ubavuni, kama kimono zetu za kale, ili aweze kujifunga peke yake.

Kila kitu kilienda mrama. Mkono wa kwanza niliushona nje ndani, nikaufumua; mguu mmoja wa suruali ukawa mrefu kuliko mwingine, nikaupunguza, ukawa mfupi, nikapunguza na wa pili; shingo ikajikunja kama jani la kabichi. Wiki tatu niliacha tasnifu yangu nikawa mtu wa cherehani, na moyoni nilikuwa nimefanya mkataba ambao sikumwambia mtu: nikiimaliza kabla ya upasuaji, bibi atapona.

Jumapili hiyo nilipompelekea, shangazi Kiyoe alikuwepo, na Bi Tomie wa kitanda cha pili, ambaye ana maneno. Bibi alifungua kifurushi polepole, akasema:

"Hee! Msomi wetu kashika sindano! Theluji itaanguka mwezi huu wa Agosti."

"Na mguu mmoja bado mrefu," akasema Bi Tomie. "Atakuwa anapanda ngazi huku amelala."

Tulicheka wote. Bibi akataka avae papo hapo. Nikamvisha, nikafunga tepe, na kicheko kikakatika. Shangazi alinivuta mkono.

"We mtoto, una wazimu? Kulia juu ya kushoto! Tena nyeupe!"

"Ni pajama tu, shangazi, nilifuata karatasi..."

"Nani huvishwa hivyo? Sema! Nani?"

Kwetu aliye hai hufunika upande wa kushoto juu ya wa kulia. Maiti ndiye anayegeuziwa, na huvishwa nyeupe. Nguo za kike za vifungo zinafungwa kulia juu na hakuna anayejali, ndiyo maana macho yangu hayakuona kitu, lakini nilipoondoa vifungo nikaweka tepe palepale ilipoelekeza karatasi, nilikuwa nimeshona vazi la maziko, na tepe hizo nimezishindilia mishono mitatu mitatu, haiwezekani kulifunga upande mwingine. Bibi alijitazama kifuani. Akasema kwa upole kabisa, "Umeniwahi kidogo, mjukuu wangu." Kisha akaomba alale.

Hakuivua. Shangazi anasema mpaka leo hataki kuivua isipokuwa ikifuliwa, uji wa mchele anarudisha nusu bakuli, na juzi alimuuliza daktari kama huo upasuaji ni wa lazima. Shangazi amenitumia ujumbe: "Umeshamvisha, basi, unangoja nini, uje umfunike."

Mimi siamini mikosi, Bi Orie. Kinachonila ni kingine. Katika wiki zile tatu, mguu ukiwa kwenye cherehani, mara kadhaa niliwaza maisha yatakavyokuwa bibi asipokuwepo: nyumba kimya, na mimi sishtuki tena kila simu inapolia. Niliona raha. Sasa naona mikono yangu ilishona kile nilichokiwaza, na yeye alikisoma mbele ya watu. Nishone nyingine? Nimwandikie barua ya kuomba radhi? Au nibaki mbali nisije nikammaliza kabisa?

Mjukuu, Kanazawa

*

Mjukuu,

Pole, na pole hiyo naitoa moyoni. Sasa nisikilize, maana umesoma sana, na waliosoma sana huchelewa kusikia.

Tepe nne haziui mtu. Moyo wa bibi yako uliugua kabla hujajua kutia uzi kwenye sindano. Na hayo mawazo yako, unadhani ni yako peke yako? Nilimuuguza mume wangu miaka sita, na kabla hajafa nilikuwa nimeshachagua rangi ya pazia jipya. Nilimpenda, na pazia nililitaka. Wazo hilo ni mzigo wako, ubebe mwenyewe. Usiende kuutua mapajani mwa mgonjwa ili wewe upate nafuu.

Hapa ndipo nakugombeza. Bibi amevishwa nguo ya maiti, akasema neno moja, na mtoto aliyemlea akatoweka. Wewe unatazama kosa la mshono. Yeye siku zote hizi anatazama kiti kitupu. Ningekuwa yeye, na mimi ningemuuliza daktari kuna haja gani. Unadhani haivui kwa kuwa amekubali kufa. Hujui, kwa sababu hukumuuliza. Huenda haivui kwa kuwa ndicho kitu chako pekee kilichobaki pale.

Usishone nyingine, hiyo ni kujificha nyuma ya cherehani mara ya pili. Barua usiandike. Chukua mkasi mdogo, sindano na uzi, uende leo. Mwambie: "Bibi, nilikosea kushona, nikakosea zaidi kukimbia. Niliogopa." Halafu nyamaza, usianze kueleza. Akikukaripia, karipio lipokee lote. Mwombe akupe nguo, fumua tepe mbele yake, uzihamishie upande unaostahili. Vipande vya mbele vya pajama vinakatwa sawa, kwa hiyo itakubali. Fundi angemaliza kwa nusu saa. Wewe utatumia mchana mzima, na ndivyo nitakavyo. Akushikie kitambaa kwa vidole hivyohivyo vilivyokakamaa. Shangazi Kiyoe akianza kufoka, mpe sindano atie uzi.

Na ule mkataba wa siri uuvunje. Sikuahidi kitu kuhusu Alhamisi; daktari mwenyewe haahidi. Huenda ukamaliza tepe ya nne na bado akaondoka. Basi aondoke baada ya kufungwa kama mtu aliye hai, na aliyemfunga awe wewe.

Wagonjwa huanza kutembelewa saa nane mchana. Weka gazeti chini.

Bi Orie