Ovaroli Iliyolowekwa Siku ya Kazi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Dada asiuegemee mlango wa kabati, gundi bado mbichi.

Sasa tuongee. Tangu nizaliwe hujawahi kufua alfajiri, ila leo, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi yangu chuoni, ndiyo ukaloweka ovaroli yangu! Eti, “Ilikuwa inanuka.” Mama, mimi najifunza useremala. Ilinuka mbao.

Nimeikamua na kuivaa hivyo hivyo. Leo fundi ananiachia nipachike mlango mzima peke yangu, na siwezi kuukosa hata ungeniloweka mimi mwenyewe.

Chuo ~~siendi~~ ~~sijui~~ nimewaomba wanishikie nafasi hadi mwakani, na jana walikubali. Nilitaka kukwambia asubuhi, lakini ulikuwa unasugua kola kama inakudai. Baba nitamweleza mwenyewe, wewe utaongeza chumvi.

Mwakani nitaenda, Mama, na utanisindikiza ukilia kama kawaida yako. Ila niache kwanza nimalize nilichokianza. Nikiondoka pale kwa fundi, niondoke kwa kuaga, nisiondoke kwa kukosa suruali.

Kitindamimba wako,
anayechuruzika maji njia nzima