Mwambie Asiombe Msamaha

Ruiru, 6 Novemba 1956

Mpendwa Dada Waithira,

Habari za huko Thika? Kifua cha Mama kimepata nafuu? Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama.

Hapa shambani kuna mama mmoja, Wakonyo, anayesimamia meza za kuanikia kahawa. Jumapili mvua ilinyesha, na asubuhi tukakuta turubai liko chini, kahawa imeloa. Nyapara anasema hakufunika. Mwenyewe anaapa alifunika na kufunga kamba. Hakuna aliyeona. Alhamisi ya wiki ijayo Meneja atawasikiliza, na mimi karani ndiye mkalimani. Akifukuzwa, anapoteza nyumba na pasi ya kukaa hapa, na watoto wake wanarudishwa rizavu, kule tulikotengewa sisi Waafrika.

Nimemshauri apige magoti aombe msamaha, hasira ya mzungu ipoe. Lakini mwezi jana fundi wa Kizungu alishukiwa kuharibu injini. Meneja akasema, "Give him the benefit of the doubt," yakaisha hapo hapo. Maana yake hasa ni nini, na hutumiwa vipi? Nauliza tu. Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza neno lake.

Ndugu yako mdogo,
Gachanja

Thika, 9 Novemba 1956

Kwako Gachanja,

Mama anakusalimu. Leo amegombana na kuku tangu asubuhi, kwa hiyo ujue amepona. Mimi na darasa langu hatujambo.

Eti "nauliza tu"! Huulizi tu, wewe mwoga wangu.

Maana yake ni hii: pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika kama mtu amekosa, ile shaka huhesabiwa upande wake, si upande wa anayemshtaki. Ni neno la mwenye kuamua. Si huruma, wala si msamaha. Ndiyo maana ushauri wako ni mbaya sana. Sisi huomba msamaha hata tusipokosa, ili mkubwa atulie. Wakonyo akipiga magoti mbele ya Meneja, shaka imekwisha, amekiri. Mwambie asiombe msamaha. Mwendee leo hii.

Dada yako,
Waithira

Thika, 19 Novemba 1956

Gachanja,

U mzima? Alhamisi imepita na hakuna barua. Mama anauliza kila jioni. Nimeomba pasi ya kuja Ruiru, nikaambiwa ningoje. Kama wamekufukuza, njoo nyumbani, kitanda chako kipo. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Waithira

Ruiru, 20 Novemba 1956

Dada Waithira, pamoja na Mama,

Hamjambo? Mimi sijambo, sijambo kabisa!

Alhamisi Wakonyo alisimama wima. Meneja akasema, "Mwulize kama anaomba msamaha." Akajibu, "Siombi. Nilifunika, nikafunga kamba." Nikatafsiri. Nyapara akacheka: "Jeuri tupu!" Meneja akachukua kalamu. Hapo, dada, mdomo wangu ukafunguka. Nikasema kwa Kiingereza, "Bwana, haya ni maneno yangu, si yake. Hakuna aliyeona. Ile shaka uliyoihesabu upande wa fundi, ihesabu upande wa huyu mama pia."

Akawa mwekundu. Akaniamuru nitoke, nisikanyage ofisini mpaka Jumatatu. Nilikaa chumbani nikifunga sanduku langu na kulifungua. Ningekuandikia nini?

Jana akatuita sote penye meza za kahawa. Nilijua tunafukuzwa, mimi na Wakonyo. Meneja akanitazama. "Ulinikasirisha," akasema, "lakini ulisema kweli. Sasa tafsiri." Akatamka uamuzi wake, nami nikapaza sauti mpaka nikajishangaa: "Hakuna anayejua turubai lilifunguka vipi. Kwa hivyo Wakonyo hana kosa, na anabaki na kazi yake na nyumba yake!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Nyapara akawa anakagua viatu vyake. Wakonyo akanijia, anacheka huku analia.

"Karani, kumbe una sauti! Hebu sema tena, wale wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.

Ndugu yako,
Gachanja